Jaketi la Kafa Ulaya

Ukipita alfajiri pale Kona ya Bwiru, au ukasimama Pasiansi wakati abiria wa ndege ya kwanza wanawahi uwanjani, utamwona dereva wa bodaboda kavaa jaketi zito kinyumenyume. Mgongo wa jaketi uko kifuani, zipu iko mgongoni, wazi, inapepea. Mgeni kutoka Dar hucheka. Mwenyeji hacheki, maana anaujua upepo wa ziwa saa kumi na moja alfajiri, na anajua jinsi watu wa pikipiki wanavyoogopa kifua. Zipu hupitisha upepo, mgongo wa jaketi haupitishi. Basi jamaa kaligeuza. Akili ya haraka, tena ya bure.

Sasa liangalie jaketi lenyewe. Limevimba kama mto wa kulalia, ndani limejazwa manyoya au pamba ya plastiki, na ukosini lina kofia yenye nyoya la kuzuia theluji. Aliyelishona hakuwa na pikipiki kichwani. Aliyelivaa wa kwanza huenda hajawahi kulisikia jina la Ilemela. Na anayelivaa leo anakata kilometa sitini kwa saa juu ya lami, huku akiamini kwamba amevaa jaketi la pikipiki.

Ndugu msomaji, hapo ndipo ilipo hadithi yangu. Vijana wa vijiwe vya Kirumba, Nyamanoro na Buzuruga siku hizi hawapandi pikipiki kwa kutafuta riziki tu. Wapo wanaosafiri kwa kutaka kuona nchi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, habari ya kupanga foleni ya kivuko imekwisha: unatoka Mwanza, unavuka, unaingia Sengerema, Geita, na mwenye pumzi anakwenda mpaka Bukoba. Wengine wanashika upande wa pili, Magu, Lamadi mpaka Musoma, na Serengeti ikiwa pale pembeni ya barabara. Na kila anayejiandaa huuliza swali lilelile: jaketi gani la bei nafuu litanifaa? Kabla ya kumjibu inabidi kwanza kujua haya majaketi yalifikaje kwetu.

Wazazi wetu nguo ya mtumba waliiita kafa Ulaya. Maana yake mwenye nguo amekufa huko, na ndugu zake wameona bora waitupe huku. Waganda wanasema mivumba. Wazambia wanasema salaula, neno la Kibemba la kuchakura kwenye rundo, na mimi kwa kweli neno hilo nalihusudu kuliko yetu yote, kwa sababu linataja kazi ya mnunuzi badala ya msiba wa muuzaji. Katika miaka ya Azimio nguo hizi hazikuwa na heshima wala ruhusa. Nchi ilitaka ivae pamba yake yenyewe, na sisi Kanda ya Ziwa ndio tuliokuwa tukiilima. Mwatex, kiwanda cha nguo cha Mwanza kilichoanza mwishoni mwa miaka ya 1960, kilikuwa jibu la Usukuma kwa swali la nguo. Kafa Ulaya ilipita kwa magendo, au kwa sanduku la msaada wa kanisa.

Halafu ikaja njaa ya bidhaa. Wanaokumbuka mwanzo wa miaka ya 1980 wanakumbuka foleni ya sabuni na foleni ya kitenge, na msako wa wahujumu uchumi wa 1983. Bajeti ya 1984/85 ikalegeza kamba: mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuingiza bidhaa bila kuulizwa fedha hizo kazitoa wapi. Novemba 1985 akaingia Mzee Mwinyi, na mtaa ukampa jina la Mzee Ruksa. Marobota yakafunguka. Mwatex ikaja ikazima mitambo katika miaka ya 1990, kisha ikafufuliwa chini ya jina la Mwatex 2001. Wapo wanaosema mitumba ndiyo iliyoiua. Mimi sikubali moja kwa moja. Mashine zilikuwa zimechoka, madeni yalikuwa yamepanda, na mashirika mengi ya umma yaliugua ugonjwa huohuo. Mtumba ulimkuta mgonjwa tayari yuko kitandani.

Lakini jaketi la baridi lilikuwa mzigo wa mkosi katika robota. Shati linauzika, suruali inauzika, lakini koti la theluji utamuuzia nani mahali penye joto kama hapa kwetu? Yalipelekwa Mbeya, Njombe na Arusha kwenye baridi, na yaliyobaki yakatandikwa chini, bei ya kutupa. Aliyeyakomboa ni bodaboda.

Kabla yake, pikipiki ilikuwa ya mtu mwenye cheo kidogo. Ilikuwa ya bwana shamba, ya padre, ya mkaguzi wa shule, au ya ofisa wa mradi. Tulikuwa na miradi mingi ya namna hiyo, mmojawapo HESAWA, ule wa maji na usafi uliofadhiliwa na Sweden katika mikoa ya Mwanza, Mara na Kagera kuanzia 1985 hadi 2002. Mtu wa mradi alipewa chombo, mafuta, na akibahatika na koti la mvua. Bodaboda hakupewa kitu. Jina lake lilizaliwa mpakani Busia, kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha watu kati ya Kenya na Uganda. Hapa kwetu mambo yalichanganya katika miaka ya 2000, pikipiki za Kichina na za Kihindi zilipoingia kwa wingi kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliweza kuikopa. Mpaka 2010 serikali ilikuwa imezitungia kanuni za leseni ya kubeba abiria. Kijana akapewa pikipiki na tajiri, akapangiwa hesabu ya kila siku, na asubuhi akasikia baridi. Akaenda mnadani. Rundo la majaketi likamsubiri.

Kwa hiyo jaketi la bodaboda limetoka kwenye baridi, wala halikutoka kwenye ajali. Tofauti hiyo ndiyo inayoondoa ngozi za watu.

Sasa tuvuke bahari kidogo. Mwaka 1928 fundi mmoja wa New York, Irving Schott, alitengeneza jaketi la ngozi kwa ajili ya waendesha pikipiki, lenye zipu badala ya vifungo. Alilipa jina la Perfecto, kutokana na sigara aliyoipenda, na likauzwa kwa dola 5.50 katika duka la pikipiki za Harley-Davidson. Mwaka huohuo, 1928, reli kutoka Tabora ilifika Mwanza. Nikiziweka tarehe hizo mbili pamoja huwa napata kizunguzungu. Wakati mwenzetu anakata ngozi ili kuuvika mwili wa mtu wa pikipiki, sisi tunapata njia ya chuma ya kupelekea pamba na ngozi mbichi bandarini. Msije mkaniambia ng'ombe wa Msukuma ndiye aliyeshonwa Perfecto: lile la kwanza lilikuwa la ngozi ya farasi. Lakini mgawanyo wa kazi mnauona. Huku ngozi inaanikwa juani na kufungwa mizigo. Kule inakuwa jaketi.

Waingereza, watu wa mvua, walikwenda njia nyingine. Wao walipaka turubai nta. Kampuni ya Barbour ilitoa suti yake ya pikipiki mwaka 1936 kwa ajili ya mashindano ya siku sita, na nguo za namna hiyo zikavaliwa na vizazi vya waendeshaji. Baadaye, 1953, sinema ya Marlon Brando ikalifanya jaketi la ngozi kuwa vazi la kihuni, likaanza kuvaliwa na watu wasiojua hata klachi iko mkono gani. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia, na umetufikia hata sisi. Jaketi la urembo likachukua sura ya jaketi la kazi, likaacha unene wake.

Kwenye habari ya kuumia, kichwa ndicho kilichopata mtetezi mapema. T. E. Lawrence, yule wa Uarabuni, alikufa 1935 baada ya ajali ya pikipiki. Daktari mmojawapo aliyemhudumia, Hugh Cairns, hakuishia kusikitika. Alichunguza vifo vya matarishi wa jeshi waliopanda pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha hoja yake kuhusu helmeti. Ngozi ya mwili ilisubiri zaidi. Mtafiti wa Cambridge, Roderick Woods, alitumia miaka mingi kuchana na kusaga nguo kwenye mashine ya msasa ili kujua kila kitambaa kinadumu sekunde ngapi. Kazi hiyo ilizaa kiwango cha Ulaya cha 2002 kiitwacho EN 13595. Kwenye sehemu zinazogonga chini kwanza, yaani bega, kiwiko, nyonga na goti, nguo ilitakiwa ivumilie msasa kwa sekunde 4, na daraja la juu sekunde 7. Jinzi ya kawaida haifikishi hata sekunde moja.

Sekunde moja, ndugu msomaji! Na lile jaketi lililovimba? Kitambaa chake cha juu ni chepesi kama mwavuli. Kikigusa lami kinachanika, na plastiki yake inapata moto wa msuguano na kuyeyuka. Muuguzi yeyote aliyewahi kusafisha kidonda cha bodaboda atakueleza kazi ya kubandua nailoni iliyoshikamana na nyama.

Kwa watu wa safari ndefu, mambo yalibadilika tena karibu na 1980. Mwingereza Ted Simon alikuwa ameondoka London mwaka 1973 na Triumph yake ya cc 500, akapita Kenya na Tanzania akiwa katika kuizunguka dunia, na kitabu chake cha 1979, Jupiter's Travels, kikawatia wazimu wengi. Desemba 1978 yakaanza mashindano ya Paris–Dakar. Watu wakagundua kwamba ngozi tupu ni adhabu jangwani. Mwaka 1983 Mmarekani Andy Goldfine akaanza kuuza suti ya nailoni nzito, yenye pedi ndani, iliyovaliwa juu ya nguo za kawaida. Jaketi la safari mnaloliona leo, lile refu kidogo lenye mifuko minne na matundu ya hewa yenye zipu, ni mjukuu wa mawazo hayo.

Jipya lake hatulifikii. Hata la bei rahisi huko Ulaya ni euro mia na ushee, yaani zaidi ya laki tatu kwa fedha yetu kabla ya usafiri na ushuru. Turudi basi kwenye rundo, tukachakure kama Wazambia.

Watu wengi huanza kwa kulipima joto. Mimi nasema anza kwa kusoma. Tangu 2018 sheria ya Umoja wa Ulaya inaihesabu nguo ya pikipiki kuwa kifaa cha kinga, kwa hiyo jaketi la miaka ya karibuni lina kitambaa cha maelezo kilichoshonwa ndani, chenye kapicha ka mtu juu ya pikipiki na maandishi EN 17092, kiwango kilichokuja 2020, pamoja na herufi. A ni ya chini, AA ya kati, AAA ya juu. Muuzaji hajui maana yake, na wewe usimfundishe kabla hamjapatana bei. Majaketi ya zamani hayana kitu hicho, hayo utayajua kwa mikono. Tia mkono ndani ya bitana begani na kiwikoni: jaketi la pikipiki lina vifuko vya pedi hata kama pedi zenyewe zimekwishatolewa, na mara nyingi zimetolewa. Ukikuta pedi zimo, tazama kama zimegongwa namba EN 1621. Ukikuta kipande cha sponji cheusi kisicho na namba yoyote, hicho ni cha kumfurahisha mteja.

Ngozi nayo ina ulaghai wake. Tafuta ukingo uliokatwa, chini ya mfuko au ndani ya ukosi. Ngozi ya kweli inaonyesha nyuzinyuzi za mnyama, ngozi ya plastiki inaonyesha kitambaa nyuma yake, na baada ya jua la Mwanza miezi michache itaanza kumenyeka kama kiazi. Halafu ibane kwa vidole viwili. Ya urembo ni laini na nyembamba, haifiki hata milimita moja. Ya pikipiki ina unene wa milimita 1.2 hivi, na inakataa kukunjika kirahisi. Ikunje hivyohivyo: ikitoa nyufa, iliwekwa mahali pakavu miaka mingi, achana nayo. Geuza mkono uone mshono wa ndani. Mshono mmoja tu juu ya bega utafumuka kabla ngozi haijatoboka, hivyo unene wote unakuwa kazi bure.

Na ukubwa. Hapa nagombana na vijiwe vyote vya Ilemela. Sisi tunapenda jaketi kubwa ili ndani tuvae sweta na juu tuweke rifleksa. Jaketi kubwa likigusa lami linazunguka, pedi ya kiwiko inahamia chini ya mkono, na kiwiko kinabaki chenyewe. Kaa kama umeshika usukani, nyoosha mikono. Mkono wa jaketi ufike kwenye kifundo, kiuno kisipande. Kama linabana kidogo ukisimama wima, hilo ndilo lako. Na ndugu yangu wa kinyumenyume, zipu ya mgongoni huwezi kuifunga mwenyewe, kwa hiyo siku ya kuanguka jaketi lote linakutoka kama foronya. Upepo wa kifuani uzuie kwa gazeti au kipande cha nailoni chini ya jaketi lililofungwa sawasawa. Wazee wa baiskeli walifanya hivyo.

Joto ni tatizo la kweli, silipuuzi. Saa saba mchana barabara ya Nyakato ngozi inakuwa tanuri, na mtu anayetoka jasho anachoka na kukosea. Kwa shughuli za mjini ningechukua jaketi la nailoni nzito lenye wavu kifuani, hata kama daraja lake ni A. Ngozi ningeiacha kwa safari ya Bukoba, kuondoka alfajiri na kupumzika jua likiwa kali.

Nimebakiwa na jambo moja ambalo hunikera kila nikipita upande wa Ilemela. Hapahapa kwetu kilijengwa kiwanda cha ngozi, Mwanza Tanneries, enzi za mashirika ya umma. Kulikuwa na sababu nzuri ya kukiweka huku: nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye ng'ombe wengi zaidi Afrika, na Usukuma ni kitovu chake kimojawapo. Mashirika yakabinafsishwa, na kiwanda kikaacha kutoa ngozi. Serikali imejaribu kuweka ushuru mkubwa kwenye ngozi ghafi inayokwenda nje, ili isindikwe nyumbani. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua hadi 2019. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, ikatishiwa kwamba nafasi ya kuuza bidhaa zetu kule chini ya mpango wa AGOA itaondolewa. Kenya ikarudi nyuma, Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ikakataa, na 2018 ikasimamishiwa nafuu ya nguo. Wengi tuliwasifu Wanyarwanda kwa mdomo, kisha Jumamosi tukaenda Mlango Mmoja kuchagua mashati.

Sidhani kama jaketi la ngozi la Ilemela ni ndoto ya ajabu. Kule Moshi, gereza la Karanga na mfuko wa hifadhi ya jamii wamejenga kiwanda kinachotoa viatu vya ngozi. Anayeweza kushona buti, jaketi halimshindi kwa ufundi. Anakosa ngozi laini iliyosindikwa vizuri, na mteja aliye tayari kulipa zaidi ya bei ya mnadani. Mteja huyo ni bodaboda, naye ana hesabu ya tajiri shingoni.

Kwa sasa tunao mafundi viatu wa Kirumba. Ukipata jaketi zuri lenye vifuko vitupu na viwiko vilivyochakaa, mpelekee mmoja wao pamoja na kipande cha ngozi nene, hata cha buti kuukuu. Mwambie asitumie uzi wa cherehani, atumie nailoni ya viatu iliyopakwa nta, mishono miwili, na ukingo wa kiraka uangukie pembeni ya kiwiko, usiwe pale kiwiko kinapogonga chini. Pedi usimwachie akutengenezee kwa godoro. Hizo zitafute peke yake kwenye marundo, huwa zinatupwa kwa sababu hakuna anayejua ni za nini. Atakuuliza kama unakwenda vitani. Mwambie unakwenda Bukoba.